Historia ya Ubingwa wa Fizi na Mizizi Bandia ya Meno, na Haja ya Istilahi Zake

Utangulizi

Miongoni mwa kazi ambazo huletwa mezani petu ili zitafutiwe istilahi, zile za tiba ndizo zinazotaka uangalifu mkubwa kuliko zote. Neno la uhasibu likikosewa, hesabu huweza kurudiwa. Neno la tiba likikosewa, jino lililokwisha kung'olewa halirudi. Katika makala haya tumekusudia kueleza kwa ufupi historia ya elimu mbili za udaktari wa meno ambazo siku hizi hufundishwa bega kwa bega katika masomo ya uzamili. Ya kwanza ni elimu ya vitu vinavyolishika jino mahali pake, ambayo wataalamu huiita periodontolojia. Ya pili ni elimu ya kutia mizizi bandia katika mfupa wa taya, ambayo huitwa implantolojia.

Kilichotusukuma kuandika ni fomu ya ridhaa ya mgonjwa ambayo tuliombwa kuihakiki. Mfasiri alikuwa ameandika kwamba mgonjwa “amekubali kupandikizwa jino”. Sentensi hiyo haikuwa na kosa lolote la sarufi. Lakini mgonjwa aliyesomewa, kama tulivyosimuliwa na daktari aliyetuletea fomu, aliuliza swali moja tu: jino hilo limetoka kwa nani? Alikuwa amesikia habari za kupandikizwa figo, na alijua kwamba figo hutolewa kwa mtu mwingine. Hakutia sahihi siku ile, akaenda zake.

Hatuwezi kumlaumu mgonjwa huyo, wala hatumlaumu sana mfasiri. Deni ni letu sisi tunaoshughulika na istilahi. Na ili deni hilo lilipwe sawasawa, yafaa kwanza tujue mambo yenyewe yalikotoka. Maana katika fani hii, kama tutakavyoona, majina yamebadilika kila mara maarifa yalipobadilika, na mara nyingine jina baya limechelewesha maarifa mema.

Maneno tuliyoyakuta

Kiswahili hakikuingia katika habari za kinywa mikono mitupu. Tunayo maneno “jino”, “gego”, “chonge”, “ufizi”, “taya” na “kaakaa”. Tunalo “pengo”, na aliyepotelewa na meno yote humwita “kibogoyo”. Uchafu unaoganda juu ya meno huitwa “ukoga”, na kifaa cha kuuondoa huitwa “mswaki”, neno lililotoka katika Kiarabu pamoja na desturi yenyewe ya kutumia kijiti. Ugonjwa wa fizi zinazovimba na kutoka damu wazee waliuita “kiseyeye”.

Neno hili la mwisho lina mafunzo. Katika vitabu vya tiba, “kiseyeye” limewekwa kuwa jina la ugonjwa unaotokana na ukosefu wa vitamini C, ule uliowaua mabaharia wengi wa Ulaya katika safari ndefu. Lakini katika mazungumzo ya kawaida fizi yoyote itokayo damu huweza kuitwa hivyo. Msomaji asidhani kwamba huo ni upungufu wa Kiswahili peke yake. Pierre Fauchard wa Ufaransa, ambaye kitabu chake cha mwaka 1728 kinahesabiwa kuwa msingi wa udaktari wa meno wa siku hizi, naye alieleza maradhi ya fizi kuwa ni aina ya kiseyeye kinachoshika fizi pasipo kugusa sehemu nyingine za mwili. Alikuwa ameona ugonjwa mpya akauita kwa jina la ugonjwa aliokwisha kuujua. Ndivyo watu wote wafanyavyo.

Kutoka uanagenzi hadi chuo

Kwa karne nyingi kazi ya meno haikufundishwa vyuoni. Ilijifunzwa kwa uanagenzi: kijana alikaa na fundi, akatazama, akashika, mwisho akajitegemea. Chuo cha kwanza duniani kilichoanzishwa kwa ajili ya udaktari wa meno peke yake kilifunguliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1840, na waanzilishi wake walikuwa Horace Hayden na Chapin Harris.

Hata baada ya hapo uanagenzi haukukoma. John Riggs wa mji wa Hartford alijifunza kazi kwa Horace Wells. Mnamo Desemba 1844, Wells alipotaka kujaribu kama gesi ya naitrasi oksaidi huondoa maumivu, alijitoa yeye mwenyewe avute gesi hiyo, na mwanagenzi wake wa zamani ndiye aliyemng'oa jino. Lakini sifa iliyomfanya Riggs aingie katika historia yetu ni nyingine. Katika miaka ya 1870 alishikilia kwamba meno yanayolegea kwa ugonjwa wa fizi yaweza kuokolewa, iwapo ukoga ulioganda chini ya ufizi utakwanguliwa kabisa na mzizi ukalainishwa. Wakati ambapo jino lililolegea lilikuwa halina dawa ila koleo, hilo lilikuwa jambo kubwa. Ugonjwa ule ukaitwa kwa jina lake, “ugonjwa wa Riggs”.

Jina la mtu lina heshima yake, lakini halimfundishi msomaji kitu. Asiyemjua Riggs hawezi kujua kama ugonjwa wenyewe ni wa jicho au wa goti. Kwa hiyo jina hilo halikudumu.

Jina la usaha na madhara yake

Lililofuata lilikuwa jina la Kiyunani lenye maana ya kububujika usaha. Madaktari na watangazaji wa dawa za meno walilitumia sana mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Jina hilo lilisema kweli, kwa kuwa usaha huonekana; lakini lilisema habari ya dalili, si ya ugonjwa. Tena lilikuja wakati mbaya. Mwaka 1910 daktari wa Uingereza aitwaye William Hunter (asichanganywe na mwanaanatomia wa karne ya 18 mwenye jina hilohilo) alihutubia huko Montreal, Kanada, akadai kwamba uchafu wa kinywani ndio chimbuko la maradhi mengi ya mwili. Fikira hiyo ilienea upesi. Ikiwa ugonjwa ni usaha, na usaha hupeleka sumu mwilini, dawa yake ni nini kama si kuondoa jino linalotoa usaha? Watu wasiohesabika waling'olewa meno yao, hata mazima, kwa matumaini ya kuponywa baridi yabisi na maradhi mengine.

Hatusemi kwamba jina peke yake lilileta msiba huo. Twasema kwamba jina liliurahisisha. Waliotaka kuokoa meno walilazimika kupambana na fikira mbili kwa pamoja, ile ya tiba na ile iliyofichika ndani ya neno.

Miongoni mwao walikuwapo madaktari wanawake wawili wa Marekani, Grace Rogers Spalding na Gillette Hayden, ambao mwaka 1914 waliasisi chama cha wataalamu wa fani hii. Chama hicho kilitumia jina lililojengwa kwa maneno mawili ya Kiyunani, moja lenye maana ya “kuzunguka” na jingine “jino”. Hapa jina lilitazama mahali, likaacha dalili: ugonjwa ni wa vitu vilivyolizunguka jino. Mwaka 1947 chama cha madaktari wa meno cha Marekani kiliutambua ujuzi huo kuwa fani ya ubingwa. Tangu hapo ulianza kuwa na mitaala yake ya baada ya shahada ya kwanza, na masharti ya mtu kuitwa bingwa.

Huko Ujerumani mabishano yalikuwa juu ya kiishio tu. Wafuasi wa Oskar Weski walitumia jina lenye kiishio ambacho katika lugha ya tiba hudokeza kuchakaa kwa tishu, si kushambuliwa kwake. Msomaji aweza kusema kwamba hizo ni herufi chache tu. Lakini kama ugonjwa ni uchakavu, basi ni kama mvi. Huja na umri na hauna wa kulaumiwa. Na kama ni shambulio la vijidudu, basi mtu aweza kujikinga kila asubuhi na jioni.

Swali hilo lilijibiwa mwaka 1965 mjini Aarhus, Denmark. Harald Löe, mzaliwa wa Norwe, pamoja na wenzake waliwataka watu 12 wenye fizi zenye afya waache kusafisha meno. Baada ya siku kati ya 10 na 21, wote walipata ugonjwa wa ufizi. Waliporudia kusafisha, fizi zao zilipona katika muda wa wiki moja hivi. Hakuna aliyezeeka kwa siku 21 akarudi ujana kwa siku 7. Ilidhihirika kwamba utando wa bakteria juu ya jino ndio unaouanzisha ugonjwa.

Mchango wa Afrika Mashariki

Yako mawazo kwamba katika elimu kama hizi sisi ni wapokeaji tu. Historia haiungi mkono mawazo hayo. Baada ya utafiti wa Aarhus, wengi waliamini kwamba kila mtu asiyesafisha meno vizuri ataanza na ugonjwa wa ufizi, ataendelea na kuharibika kwa mfupa, na mwisho atakuwa kibogoyo. Kwa kuwa Waafrika wengi hawakuwa na huduma ya meno, ilidhaniwa kwamba hali yao lazima iwe mbaya kuliko ya wote.

Katika miaka ya 1980 Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na wenzao walichunguza vinywa vya watu wazima wa Tanzania, na pamoja na Firoze Manji wakachunguza zaidi ya watu 1,000 katika wilaya ya Machakos, Kenya. Waliona utando mwingi, ukoga mwingi, na fizi nyingi zinazotoka damu. Hata hivyo, wengi wa watu hao walikuwa na meno yao karibu yote. Uharibifu mkubwa wa mfupa ulikuwa umewakusanyikia wachache. Kwa hiyo ugonjwa wa ufizi si lazima ugeuke kuwa ugonjwa wa mfupa unaoshika jino. Kuna watu walio katika hatari zaidi, na kazi ya bingwa ni kuwatambua mapema. Wanafunzi wa uzamili popote duniani husoma fikira hii, na sehemu ya ushahidi wake ilitoka katika vinywa vya wakulima wa Machakos.

Kwa mtu wa istilahi, somo ni kwamba magonjwa haya mawili yanataka majina mawili. Tukiyaita yote “ugonjwa wa fizi”, tutakuwa tumerudisha ile imani iliyokwisha kukanushwa.

Kupanda jino la mtu, na kutia mzizi wa titani

Tugeukie sasa elimu ya pili. Hamu ya kuliziba pengo kwa kitu kilichokita katika mfupa ni ya kale sana. Mwaka 1931 huko Honduras, Wilson Popenoe na mkewe Dorothy walifukua kipande cha taya kinachokadiriwa kuwa cha karne ya 7, na katika nafasi za meno matatu ya mbele vilikuwamo vipande vya kombe vilivyochongwa kwa umbo la jino. Picha za eksirei zilizopigwa mwaka 1970 zilionyesha kwamba mfupa ulikuwa umejijenga kuvizunguka viwili kati ya vipande hivyo, dalili kwamba vilitiwa mtu akiwa hai.

Katika karne ya 18 kulikuwa na njia nyingine. Mpasuaji mashuhuri wa London, John Hunter, ambaye kitabu chake juu ya meno ya binadamu kilitoka mwaka 1771, alitetea kuhamisha jino kutoka kinywa cha mtu hai kwenda kinywa cha mwingine. Matajiri walinunua na maskini waliuza. Jino lilitoka kwa kijana mwenye njaa, likaingizwa papo hapo katika tundu la aliyelipa. Meno mengi hayakudumu, na wako walioogopwa kuambukizwa kaswende kwa njia hiyo. Mwaka 1787 mchoraji Thomas Rowlandson aliichora biashara hii kwa dhihaka kali.

Tunaomba msomaji akumbuke sasa yule mgonjwa wa fomu ya ridhaa. Swali lake, “jino limetoka kwa nani?”, lingekuwa swali sahihi kabisa katika London ya Hunter. Kitendo kile ndicho hasa cha kupandikiza. Mkulima wa mpunga hupandikiza mche: huutoa kitaluni ungali hai, akautia katika shamba. Kilicho hai huondoka pale kikaja hapa. Kwa hiyo kitenzi hicho kinafaa kwa figo na kwa jino la Hunter. Hakifai sawasawa kwa parafujo ya madini.

Elimu ya parafujo hiyo ilianza kwa bahati. Mwaka 1952 Per-Ingvar Brånemark, mtafiti wa Uswidi aliyekuwa Lund, alitia vyombo vidogo vya titani katika mifupa ya miguu ya sungura ili atazame mwendo wa damu ndani ya mfupa. Kazi ilipokwisha alitaka kuvitoa vyombo vile akavitumie tena. Havikutoka. Mfupa ulikuwa umeshikana na titani hata haviwezi kutenganishwa. Mwaka 1965, akiwa Göteborg, alimtibu mgonjwa wa kwanza kwa kumtia mizizi 4 ya titani katika taya la chini. Mizizi hiyo ilimhudumia mgonjwa huyo kwa miaka zaidi ya 40, hadi alipofariki mwaka 2006.

Tukio hilo lilihitaji jina. Brånemark alilijenga kwa Kilatini, akiunganisha neno “mfupa” na neno la kufanya vitu kuwa kimoja. André Schroeder wa Bern, Uswisi, aliyegundua jambo kama hilo kwa njia yake mwenyewe, alichagua istilahi yenye maana ya kukakamaa kwa kiungo, akiongeza kwamba ukakamavu huu una kazi. Wote wawili waliona kitu kimoja. Lakini kukakamaa kwa kiungo ni jina la ugonjwa; daktari hulisikia akasikitika. Jina la Brånemark lilisikika kama habari njema. Leo ndilo litumikalo duniani pote, na la Schroeder limebaki vitabuni, ijapokuwa uchunguzi wake haukuwa duni hata kidogo.

Kwa miaka mingi Brånemark alipingwa, hata nchini mwake. Mambo yalibadilika Mei 1982, George Zarb alipowaita Toronto wataalamu wa vyuo vikuu vya Amerika ya Kaskazini wapokee ushahidi uliokusanywa kwa miaka mingi. Walioalikwa walikuwa hasa wapasuaji wa kinywa na mabingwa wa meno ya bandia. Mabingwa wa fizi hawakuwa mstari wa mbele.

Kwa nini mafunzo mawili yalikutana

Jino la asili halikugandana na mfupa. Limening'inizwa ndani ya tundu lake kwa nyuzi nyingi fupi, ambazo kwa pamoja huitwa kano ya jino. Ndiyo sababu mtu akitafuna jiwe katika wali hushtuka mara moja. Mzizi wa titani hauna kano. Umekamatana na mfupa moja kwa moja, na ufizi umeuzunguka tu kama kola.

Mwanzoni ilidhaniwa kwamba, kwa kuwa titani haiozi, mzizi bandia hauna maradhi. Miaka ilipopita iligundulika kwamba utando uleule wa bakteria unaoshambulia vishikizo vya jino hushambulia pia ufizi na mfupa kandokando ya titani. Mfupa huliwa, mzizi huanza kulegea, na mgonjwa aliyelipa fedha nyingi hurudia pengo lake. Tena mtu aliyepoteza meno yake kwa ugonjwa huo ndiye aliye katika hatari zaidi ya kupoteza mizizi bandia kwa sababu hiyohiyo. Ndipo ilipoonekana kwamba anayetia mzizi bandia lazima awe amejifunza kutibu fizi, na anayetibu fizi lazima ajue mizizi bandia.

Hivyo vyuo vya Marekani viliingiza utiaji wa mizizi bandia katika mafunzo ya ubingwa wa fizi, ambayo huchukua miaka 3. Shirikisho la Ulaya la fani hii, lililoanzishwa mwaka 1991, nalo huthibitisha mitaala ya miaka 3. Mwanafunzi husoma nadharia, huwatibu wagonjwa chini ya usimamizi, huwafuatilia miezi na miaka, na hufanya utafiti wake. Implantolojia yenyewe haimo katika orodha ya fani za ubingwa zinazotambuliwa na chama cha madaktari wa meno cha Marekani. Ni ujuzi unaogawanywa kati ya wapasuaji, mabingwa wa meno ya bandia na mabingwa wa fizi. Mtumishi wa serikali anayefasiri vyeti hana budi kulijua hilo, asije akampa mtu ubingwa ambao cheti chenyewe hakikumpa.

Mwaka 2017 wataalamu wa Marekani na Ulaya walikutana Chicago, na mwaka 2018 wakatoa mpango mpya wa kuyagawa magonjwa haya. Majina ya zamani yaliyotenganisha ugonjwa “sugu” na ugonjwa “mkali” yaliondolewa. Mahali pake umewekwa mpango wa hatua 4, zinazopima uharibifu uliokwisha kutokea na ugumu wa kuutibu, na daraja 3, yaani A, B na C, zinazokisia mwendo wa ugonjwa. Kwa mara ya kwanza magonjwa ya kandokando ya mizizi bandia yalipewa nafasi yake katika mpango huo. Wafasiri wawe waangalifu: “hatua” na “daraja” yasipokezane. Mgonjwa wa hatua ya 2 aweza kuwa katika daraja C, na daktari atamshughulikia kwa haraka zaidi kuliko hatua yake inavyodokeza.

Majina ya masomo

Katika nchi zetu elimu hii haijatimiza umri mrefu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1974, na Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 1979. Kabla ya hapo aliyetaka shahada ya meno alikwenda ng'ambo. Kwa hiyo walimu wetu wa kwanza walirudi na ujuzi uliofungwa katika Kiingereza na lugha nyingine za Ulaya, na mpaka leo daktari humaliza masomo yake yote pasipo kulazimika kueleza neno moja kwa Kiswahili, isipokuwa pale anapokutana na mgonjwa.

Katika ngazi za masomo Kiswahili kimejitahidi. “Uanagenzi” ni la zamani. “Shahada ya uzamili” na “uzamivu” yamekubalika vyuoni, na “daktari bingwa” hujulikana hata vijijini. Tunashauri yasichanganywe: uzamili ni ngazi ya chuo, ubingwa ni cheo cha kazi. Kozi fupi ya siku chache juu ya mizizi bandia si uzamili wala si ubingwa, hata kama cheti chake kina muhuri wa dhahabu.

Mapendekezo

Kwa kuzingatia historia hiyo, tunapendekeza yafuatayo yajadiliwe.

Kwanza, vitu vinne vinavyolishika jino, yaani ufizi, kano, simenti ya mzizi na mfupa wa tundu, viitwe kwa pamoja “vishikizo vya jino”. Elimu yake iwe “elimu ya vishikizo vya meno” katika kufundishia, na “periodontolojia” ibaki katika vyeti. Kuiita “elimu ya fizi” peke yake ni kusahau mfupa, nao ndio unaopotea pasipo kurudi. Katika kichwa cha makala haya tumelitumia neno “fizi” kwa sababu ndilo lijulikanalo leo. Tunatumaini halitakuwa lazima kesho.

Pili, “ugonjwa wa ufizi” utumike kwa ule unaopona ufizi ukisafishwa, na “ugonjwa wa vishikizo” kwa ule ulioingia katika mfupa. Tumelifikiria neno “mchochota”, ambalo hutumiwa kwa hali ya tishu kuvimba na kuwaka. Ni neno zuri, lakini linatokana na kuchochota, nao ugonjwa huu kwa kawaida hauchochoti. Huenda miaka mingi bila maumivu. Mgonjwa akiambiwa ana mchochota, atajipapasa, asisikie kitu, aende zake.

Tatu, “utando wa meno” uwe jina la tabaka laini la bakteria linaloondolewa kwa mswaki, na “ukoga” liwekewe mpaka, liwe lile gumu linalotaka kukwanguliwa na mtaalamu.

Nne, kitu cha titani kitiwacho katika taya kiitwe “mzizi bandia”, na kile kinachokaa juu yake “taji”. Neno “kipandikizi” limekwisha kuzoeleka katika uzazi wa mpango, na hatuna nguvu wala sababu ya kuliondoa huko. Lakini kinywani lina hatari tuliyoieleza. “Mzizi bandia” linafuata mfano wa “meno ya bandia” ambao kila mtu anaujua, na linasema wazi kwamba kitu hicho hakikutoka kwa mtu. Kushikana kwake na mfupa kuitwe “mfungamano wa mfupa”, na maradhi yake “ugonjwa wa kando ya mzizi bandia”.

Hitimisho

Wako watakaosema kwamba tunapoteza wakati, kwa kuwa wagonjwa wa mizizi bandia ni wachache, na wengi wa raia wetu hawajapata hata huduma ya kukwanguliwa ukoga. Ni kweli kwamba ni wachache. Lakini maneno hayangoji mpaka tuwe tayari. Katika miaka ya 1980 kulienea Tanzania imani juu ya “meno ya plastiki”. Mtoto mchanga akishikwa na homa au kuhara, ufizi wake ulitazamwa, na chipukizi la chonge lililo laini na jeupe likadhaniwa kuwa ndilo ugonjwa. Lilichokolewa kwa kisu au kwa spoku ya baiskeli. Watoto walitokwa damu, wakaambukizwa, na wako waliokufa, huku homa na kuhara vikikosa tiba yake. Huko Uganda jambo hilo hilo lilikuwa na majina mengine. Jina “meno ya plastiki” halikutungwa na kamati yoyote. Lilizuka lenyewe, kwa sababu hapakuwa na jina jingine la kumwambia mama kile alichokiona ndani ya kinywa cha mwanawe.

Pale ambapo mtaalamu hana neno la Kiswahili, mtu mwingine atalitoa, na huenda likawa la kisu. Tunawaomba walimu, wafasiri na madaktari watuletee maoni yao juu ya mapendekezo haya, hasa wale wanaozungumza na wagonjwa kila siku. Tungependa zaidi kujua ni maneno gani ambayo wagonjwa wenyewe hutumia. Maana huenda lipo neno lililo bora kuliko haya yetu, nalo limekaa katika kijiji fulani likingoja kuulizwa.